Spika Nzuri, Masikio Yaliyozeeka: Uchambuzi wa Kisa cha Msikilizaji wa Miaka 71

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mfano, kilichojengwa kutokana na hali zinazowapata wapenzi wengi wa muziki wanapovuka umri wa miaka 60. Mhusika ni mstaafu wa miaka 71 ambaye kwa miongo mingi alifanya kazi karibu na mitambo yenye kelele, na jioni zake amezitumia mbele ya vifaa vya muziki vya daraja la juu alivyovichagua kimoja kimoja kwa subira kubwa. Sikio lake limezoezwa: anatambua piano iliyolegea nyuzi, anajua maikrofoni ilipowekwa mbali na mwimbaji, na rafiki zake hawanunui spika kabla ya kumwomba aje azisikilize. Katika miaka ya karibuni ameanza kulalamika kwamba muziki umefifia. Matoazi hayana tena mng'ao wake, pumzi ya mpiga zumari haisikiki, na rekodi anazozijua kwa moyo zinatoka kana kwamba spika zimefunikwa kitambaa kizito.

Alichofanya kwanza ndicho ambacho wengi wa aina yake hufanya. Alibadilisha amplifaya, kisha nyaya, kisha sindano ya santuri. Kila badiliko lilileta nafuu ya muda mfupi, kwa kuwa mtu anayejaribu kifaa kipya husikiliza kwa makini kuliko kawaida na hutarajia kusikia zaidi, na umakini huo wenyewe huibua mambo yaliyokuwamo katika rekodi tangu zamani. Nafuu ilipokwisha, akaongeza trebo, yaani sauti za juu, hadi karibu na mwisho wa kitufe. Hapo mkewe, ambaye miaka yote walisikiliza pamoja, akaanza kuondoka sebuleni kila muziki unapowashwa, akisema kwamba sauti inamchoma masikio.

Malalamiko hayo mawili, yakiwekwa pamoja, yana uzito kuliko maelezo yote ya vifaa. Chumba ni kimoja, spika ni zilezile na wimbo ni uleule, lakini mmoja anasikia sauti iliyofifia na mwingine anasikia sauti kali isiyovumilika. Spika mbovu zingewafikia wote wawili zikiwa na kasoro ileile. Ilibidi basi uchunguzi uanze kwa kuiondolea mashine lawama, na jambo hilo si gumu: maikrofoni ya kupimia iliyowekwa mahali pa kiti, trebo ikiwa imerudishwa katikati, ilionyesha kwamba spika zinatoa sauti za juu kwa kiwango kinachostahili, na binti wa familia, mwenye masikio ya miaka 25, alithibitisha kwamba matoazi yamo na yanasikika vizuri. Spika hazikuwa na kosa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumwona daktari aangalie ndani ya sikio, kwa sababu nta iliyoziba tundu au majimaji nyuma ya kiwambo huweza kupunguza usikivu na kutibika bila shida. Masikio yalikuwa safi. Kipimo cha mtaalamu wa usikivu ndicho kilichotoa jibu. Kwenye odiogramu (chati ya usikivu) ya kawaida, ambayo hupima kuanzia hezi 250 hadi 8,000 (hezi ni kipimo cha masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde), vizingiti vyake, yaani sauti hafifu kuliko zote anazoweza kuzisikia, vilikuwa karibu na kawaida hadi hezi 1,000, vikapanda, chati ikiteremka, hadi desibeli 30 kwenye hezi 2,000, 55 kwenye hezi 4,000, na 70 kwenye hezi 8,000. Masikio yote mawili yalifanana, na sauti iliyopitishwa kwenye mfupa ilitoa matokeo yaleyale na iliyopitishwa hewani, maana yake ni kwamba upungufu umo katika sikio la ndani au katika neva na si katika njia ya kuingizia sauti. Huo ndio mteremko wa kawaida wa upungufu wa usikivu wa uzeeni, na kelele za miaka ya kazi bila shaka zimeuongezea ukali. Hayuko peke yake hata kidogo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa usikivu unaofikia kiwango cha ulemavu.

Ili kuelewa kwa nini hatua zake za kwanza hazikufaa, ni lazima kuingia ndani ya koklea, kiungo cha sikio la ndani chenye umbo la konokono. Georg von Békésy, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alionyesha kwamba mawimbi ya sauti husafiri kwenye utando ulio ndani ya koklea, na kila masafa hufikia kilele chake mahali pake: sauti za juu karibu na mlango, sauti za chini karibu na mwisho. Kwenye utando huo zimo seli za vinywele za aina mbili. Zile za ndani, takriban 3,500 kwa kila sikio, ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Zile za nje, takriban 12,000, hufanya kazi nyingine ambayo wapenzi wengi wa vifaa vya muziki hawaijui, nayo ni kukuza sauti hafifu kwa kadiri ya desibeli 40 hadi 60 huku zikiziacha sauti kubwa karibu kama zilivyo. Kila sikio, kwa maneno mengine, lina amplifaya yake hai. Seli hizo za nje huumia mapema, hasa zile za upande wa mlango, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena.

Matokeo yake ni zaidi ya kukosa sauti za juu, na hapa ndipo kisa hiki kinapostahili kutazamwa kwa makini. Amplifaya ya ndani ikifa, sauti hafifu hupotea, lakini sauti kubwa hubaki kubwa vilevile. Kwa mhusika wetu, kizingiti kwenye hezi 4,000 ni desibeli 55, na kiwango kinachoanza kumuudhi kwenye masafa hayo kilipimwa kuwa desibeli 95. Kati ya kutosikia kabisa na kuumizwa kuna nafasi ya desibeli 40 tu, ilhali sikio la kijana lina nafasi inayokaribia 100. Muziki wa okestra, wenye tofauti kubwa kati ya mnong'ono wa fidla moja na mlipuko wa ala zote, unalazimika kupita katika nafasi hiyo finyu, na ndiyo maana mzee huyo huyo anayeomba sauti iongezwe huruka kwenye kiti tarumbeta zinapoingia. Wanafamilia hudhani ni ukaidi. Sivyo, sauti inapanda ndani ya kichwa chake kwa kasi kuliko inavyopanda ndani ya vichwa vyao.

Kuna hasara nyingine tena, ambayo hakuna kitufe kinachoweza kuirekebisha. Seli za nje zikiwa hai, kila mahali kwenye koklea huitikia ukanda mwembamba wa masafa, na kwa hiyo ala mbili zenye sauti zinazokaribiana husikika kila moja peke yake. Zikifa, kanda hizo hupanuka na kuingiliana. Msikilizaji husikia kwamba ala zipo, lakini hawezi kuzitenganisha kama zamani. Anasema muziki umesongamana. Pale ambapo hata seli za ndani zimekufa, panakuwa na eneo lisiloitikia chochote, na sauti inayopelekwa hapo kwa nguvu huokotwa na seli za jirani ikasikika kama mkwaruzo usio na noti. Brian Moore na wenzake huko Cambridge walibuni kipimo cha kuyatambua maeneo hayo, na mtu mwenye upungufu mkali wa sauti za juu anayetaka kuzirudisha kwa nguvu afadhali apimwe kwanza.

Sasa kosa la kitufe cha trebo linaonekana wazi. Kitufe cha namna hiyo huinua zaidi masafa ya hezi 8,000 na kuendelea, yaani pale ambapo mzee huyu ana uwezo mdogo kuliko mahali pengine popote. Kila desibeli 10 zinazoongezwa zinahitaji nguvu mara 10 kutoka kwenye amplifaya, na mzigo wote huo huangukia twita, spika ndogo kuliko zote. Alichokipata ni twita inayokaribia kupasua sauti, mke aliyefukuzwa sebuleni, na matoazi ambayo bado hayasikiki vizuri. Kama angetaka kusaidiwa na ikwalaiza, yaani kifaa cha kupandisha au kushusha kila ukanda wa masafa peke yake, mahali pa kugusa pangekuwa kati ya hezi 2,000 na 4,000, kwa kiasi kidogo. Tangu mwaka 1944 wataalamu wa vifaa vya kusikia wamejua kanuni ya Samuel Lybarger kwamba ongezeko linalofaa ni karibu nusu ya upungufu, wala si upungufu wote. Na kanuni hiyo ilikusudiwa mazungumzo ya kawaida. Muziki unaochezwa kwa desibeli 75 au 80 tayari uko juu ya vizingiti vingi, kwa hiyo ongezeko la desibeli 5 hadi 8 mara nyingi linatosha, na likizidi hapo linaingia katika ile nafasi finyu iliyoelezwa.

Lakini hata ikwalaiza iliyotumiwa kwa busara inaibua swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha kisa hiki: je, ni haki kuzipotosha spika ili zilingane na masikio ya mtu mmoja? Mzee huyu akienda kumsikiliza mpiga fidla ana kwa ana, anamsikia kwa masikio yaleyale aliyonayo nyumbani. Fidla halisi nayo, kwake, ina mng'ao pungufu. Spika zinazotoa sauti kwa uaminifu zinamletea fidla ileile aisikiayo ukumbini, na kwa kipimo hicho bado ni spika bora. Akiziongezea trebo, fidla ya nyumbani inakuwa kitu ambacho hakipo popote, na watu wengine chumbani wanalipia marekebisho ya sikio lisilo lao. Ninashikilia kwamba mashine iachwe iseme kweli, na marekebisho yafanywe karibu kabisa na sikio lenye upungufu. Marekebisho yaliyo sikioni humfuata mtu ukumbini, kwenye mazungumzo na mbele ya spika zake, bila kumgusa mtu mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo sina pingamizi na ikwalaiza kwenye hedifoni, ambako msikilizaji ni mmoja na kila sikio linaweza kupewa marekebisho yake.

Hapo tunafika kwenye kifaa cha kusaidia kusikia, yaani shimesikio, ambacho mzee huyu alikikataa kwa muda mrefu kwa kuamini kwamba kinaharibu muziki. Hofu yake haikuwa ya bure. Shimesikio hutengenezwa kwanza kwa ajili ya usemi, na usemi hauna tabia za muziki. Programu yake ya kawaida hupunguza kelele kwa kutafuta sauti zisizobadilikabadilika, na noti ndefu ya zumari huonekana kwake kuwa kelele. Kizuizi chake cha mluzi, yaani mlio unaotokea maikrofoni inapoipokea tena sauti ya kifaa chenyewe, husaka toni safi inayodumu ili kuifuta, na toni hiyo ikiwa ni filimbi, kizuizi huitikisa hadi inatetemeka vibaya. Maikrofoni zinazoelekea mbele hupunguza besi na kuvuruga hisia ya ukumbi. Tena kuna kikomo cha sauti inayoweza kuingia: usemi wa kawaida ni kama desibeli 65, lakini vilele vya muziki wa moja kwa moja huvuka 100, na kifaa cha kidijitali cha biti 16 kina upana wa takriban desibeli 96 kwa nadharia kati ya sauti hafifu na kubwa kabisa. Kilele kikikatwa mlangoni, hakuna urekebishaji wa baadaye unaoweza kukirudisha, sauti imeshapasuka.

Mtu aliyevumilia vifaa vya aina hiyo mbele ya spika nzuri ana haki ya kukasirika, na wataalamu wanaomwambia kwamba atazoea bila kubadilisha mpangilio wowote hawamtendei haki. Ufumbuzi upo. Mzee huyu alimpelekea mtaalamu rekodi zake mwenyewe na kuomba programu ya pekee ya muziki, yenye kizuizi cha mluzi kilicholegezwa au kuzimwa, upunguzaji wa kelele uliozimwa, maikrofoni zinazopokea kutoka pande zote, na ukandamizaji wa sauti wenye uwiano mdogo usiobanabana kila noti. Alichagua vifaa vyenye uwezo wa kupokea vilele vikubwa. Kwa kuwa usikivu wake wa sauti za chini ni mzuri, alipewa vidude vya sikioni vilivyo wazi, ambavyo huruhusu besi kuingia kwa njia yake ya asili bila kupita kwenye kifaa, na kifaa kikabaki na kazi moja ya kuongeza sehemu iliyopungua. Namna hiyo ina dosari ndogo: sauti inayopita kwenye kifaa huchelewa kwa milisekunde chache nyuma ya ile iliyopita wazi, na mahali zinapokutana husikika ukakasi hafifu, hasa kwenye sauti ya mtu mwenyewe anapozungumza. Wengi huuzoea.

Siku za kwanza zilikuwa za taabu. Matoazi yalirudi, lakini yalirudi yakiwa makali, kwa sababu ubongo uliokaa miaka bila sauti hizo huzipokea kama kelele ngeni. Katika hatua hii watu wengi huvirudisha vifaa kwenye sanduku, na ni hasara kubwa. Njia iliyofaa hapa ilikuwa kuanza na ongezeko dogo kuliko lililokusudiwa, kuvaa kutwa nzima badala ya wakati wa muziki tu, na kurudi kwa mtaalamu ili kiwango kipandishwe kidogo kidogo.

Chumba nacho kilikuwa na sehemu yake, ingawa ni fupi kuieleza. Kuta tupu na sakafu ngumu hurudisha mwangwi, na sikio lenye kanda zilizopanuka hushindwa kuutenga mwangwi na sauti halisi. Zulia, mapazia mazito na rafu za vitabu vilipunguza msongamano, na kiti kilisogezwa karibu na spika ili sauti ya moja kwa moja iushinde mwangwi. Kuupunguza umbali hadi nusu huongeza sauti ya moja kwa moja kwa takriban desibeli 6 bila kugusa kitufe chochote.

Kuhusu kiwango cha sauti, hakuna nafasi ya kulegeza. Sikio lililopoteza sehemu yake bado linaweza kupoteza zaidi, na hamu ya kuongeza sauti ili kufidia ndiyo hatari kuu iliyobaki. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, hupendekeza kikomo cha kazini kiwe desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda hukatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja. Kwa usikilizaji wa kujifurahisha, Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kipimo cha sauti kilichowekwa kando ya kiti kilimsaidia mzee huyu kuliko nasaha zozote, kwa kuwa masikio yake hayawezi tena kumwambia kwa uaminifu sauti ni kubwa kiasi gani.

Je, vifaa vya daraja la juu vina maana tena kwa mtu kama huyu? Ninaamini vinayo, na ninasema hivyo nikiwa na sababu. Noti ya juu kabisa ya piano ni hezi 4,186, na hata kijana mwenye masikio timamu hawezi kufuata mwendo wa wimbo vizuri ukishapanda juu ya takriban hezi 5,000. Kilicho juu ya hapo ni rangi, mng'ao na hewa. Utamu wa sauti ya mwimbaji, mwafaka wa noti, mapigo, uzito wa besi, yote haya yamo katika eneo ambalo mzee huyu bado analo, sehemu yake kubwa ikiwa nzima. Hata kujua mwimbaji amesimama kushoto au kulia hutegemea sana tofauti ndogo za wakati kati ya masikio mawili kwa sauti zilizo chini ya hezi 1,500, na uwezo huo kwake haujaguswa sana. Kwa hiyo ubora anaouhitaji ni ule wa sauti za kati zisizopotoshwa, amplifaya yenye akiba ya nguvu isiyopasua vilele, na spika zinazosambaza sauti sawasawa chumbani. Asichokihitaji ni kulipia rekodi zinazofika hezi 48,000, wala twita zinazosifiwa kwa kufika huko, ilhali diski ya kawaida ya CD inafika hezi 22,050 na tayari inapita mbali mipaka yake.

Lililobaki ni nafasi yake kama mshauri wa rafiki zake, na hili ndilo lililomuuma zaidi. Mtafiti wa spika Floyd Toole, katika utafiti wake wa Kanada uliochapishwa mwaka 1985, alionyesha kwamba wasikilizaji wenye vizingiti vilivyopanda hutoa hukumu zinazoyumba: spika ileile wanaipa alama tofauti wakiisikiliza tena. Uzoefu na mapenzi haviwezi kufidia jambo hilo. Mzee huyu sasa huwaambia rafiki zake mapema kwamba kuhusu sauti za juu hana ushahidi wa kutoa, na huwaomba waje na mtu kijana au walete vipimo vya spika. Bado huwaonyesha namna ya kupanga spika, huchagua rekodi za majaribio, hutambua besi inayovuma kwa sababu ya kona ya chumba, na hueleza kwa nini uimbaji fulani umerekodiwa vizuri. Mkewe amerudi kusikiliza naye, trebo ikiwa imerudishwa katikati. Odiogramu yake hurudiwa kila mwaka, na ameelezwa kwamba sikio moja likipungua ghafla ndani ya siku chache, hiyo si kazi ya uzee, na anapaswa kumwona daktari haraka bila kungoja miadi.